Mwiba wa Asubuhi

Mkotokuyana, 3 Desemba 1951

Mimi Swalehe bin Kaimu sijaogopa kitu tangu nizaliwe. Naanza daftari kwa neno hilo ili atakayelifungua ajue amekutana na nani. Simba alinikuta kule Kilimarondo nina jembe tu mkononi. Nikamtazama, akanitazama, akaona aibu, akageuka akaenda zake.

Daftari nimepewa na karani wa Wazungu waliokuja kulima karanga kwa matrekta, anayefunga mizigo arudi kwao maana kazi yao imefika mwisho. Alisema, "Mzee, una maneno mengi, yaandike, watu wapumzike." Kusoma nilisoma shule ya Mjerumani miaka miwili, mpaka mwalimu akachoka na mimi. Herufi ninazo zote, ila nyingine hukaa pasipo pake.

Mvua bado. Pua imeziba, ni vumbi hili.

4 Desemba

Nimesoma ya jana. Yule simba sijui alikwendaje, kwa sababu nilikuwa juu ya mti nimefumba macho, na jembe nimeliacha chini. Nasema mapema kwa kuwa Saturnini anajua. Yeye alikuwa juu ya mti wa pili.

Saturnini ni mtani wangu, yeye Mngoni, mimi Mmwera, na kazi yake ni kupasua mbao. Babu zake walikuja na mikuki kuwachukua babu zangu, na ndiyo sababu leo ana haki ya kunitukana mbele ya wakwe, nami nina haki ya kumtukana mbele ya padri wake, na hakuna wa kununa. Nikifa, yeye ndiye atakayevaa kanzu yangu na kuigiza mwendo wangu mpaka wafiwa wacheke. Amekwisha anza kujifunza, nimemwona.

9 Desemba

Mvua ya kwanza. Mke wangu Swaumu alisimama mlangoni akivuta pumzi, akasema, "Sikia udongo unavyonukia, mzee." Nikavuta. Sikusikia kitu. Nikasema unanukia vizuri sana.

Ndipo nikachukua ugoro. Chafya yangu ni maarufu hapa, inasikika mpaka kisimani. Swaumu huniambia akiisikia kutoka njiani ndipo anasonga ugali, ukiiva nami nimefika. Leo nilivuta, nikavuta tena, pua ikakaa kimya kama mtu aliyesusa.

Saturnini alikuwa akinitazama. "Unaharibu mali," akasema. "Pua ya Mmwera ni ya kutundikia kamasi tu." Akanipokonya kikopo cha ugoro, akakitia mfukoni, akaondoka nacho. Ni haki yake. Lakini kile kikopo ni cha bati zuri, kina picha ya tembo.

15 Desemba

Tumepanda mtama.

16 Desemba

Tumepanda karanga. Zetu zitaota bila trekta, tutaona nani mkulima.

28 Desemba

Sasa asubuhi nikipenga hutoka magamba makavu yenye damu. Ndani kumechakaa kama chungu kilichoungua. Usoni chini ya macho nasikia uzito, kama mtu kaniwekea vidole na hataki kuviondoa.

Swaumu amenichemshia majani ya mvumbasi, akanifunika shuka pamoja na chungu nijifukize. Yeye aliyekuwa nje ya shuka ndiye aliyetokwa machozi kwa ukali wa harufu. Mimi ndani nilikaa nafikiria mambo yangu.

6 Januari 1952

Nimejitazama kwenye kioo cha kunyolea. Pua imevimba nchani na pembeni, imeiva rangi ya zambarau, inang'aa. Pembeni mwa tundu kuna vinundu vidogo kama mbegu za ulezi. Haviumi. Kingekuwa jipu ningelilaani na kulisubiri litumbuke. Hiki kisichouma sijui nikisemeshe vipi.

Saturnini kauliza, "Swaumu kakupiga mwiko, au umechungulia chungu cha watu?" Nikamwambia bora pua iliyovimba kuliko kichwa kitupu. Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi kuliko ilivyostahili.

19 Januari

Leo sitaki kuandika lakini nitaandika.

Kwenye goti la kushoto nina kovu la tangu vita vya Mjerumani na Mwingereza, nilipokuwa mpagazi. Sanduku la risasi liliniangukia. Kovu hilo limekuwa jeupe, limelala bapa miaka yote hii. Jana nikioga mtoni nikalipapasa, nikakuta limeinuka. Limekuwa jekundu, lina vinundu vimepangana kama mstari wa karanga. Hakuna aliyenigonga. Kovu limeamka lenyewe.

Pua na goti. Kitu gani hicho kinachokaa puani kikashuka gotini bila kupita popote?

Jina la ugonjwa ninaoufikiria silitii humu. Kila mtu hapa anaujua na kila mtu anauita "yale maradhi makubwa," hata aliye nao huuita hivyo hivyo. Unaanza puani. Namkumbuka mzee Awadhi. Alijengewa kibanda ng'ambo ya mto, chakula akawekewa juu ya kisiki, yule anayekipeleka anapiga kelele kisha anarudi mbio. Watu walikuwa wema, chakula hakikukosekana hata siku moja. Mpaka siku moja aliyekipeleka akakuta kile cha jana kipo vile vile.

20 Januari

Nimefikiri. Wenye yale maradhi mwili wao hufa ganzi, huungua moto wasijue. Basi nimechuma mwiba wa mlimau, nimeingia nyuma ya choo, nimejidunga ncha ya pua. Imeuma. Alhamdulillahi.

21 Januari

Nimejidunga. Inauma. Goti pia.

22 Januari

Inauma. Nguruwe wamekula mihogo ya jirani yetu Amri.

23 Januari

Inauma.

2 Februari

Asubuhi, inauma. Mchana nilikuwa nimekaa ubavuni mwa jiko nikishona kapu. Swaumu akaja mbio kutoka shambani.

"Mzee, maharage yanaungua mpaka njiani nasikia, nawe umekaa papo hapo."

"Nilidhani ndivyo unavyoyapenda."

Aliipua sufuria. Kisha akanitazama pua, si uso, pua tu. Hakucheka. Tukala maharage yaliyoungua, nami sikujua tofauti, kwa hiyo nikasifu.

8 Februari, Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya sala wanaume tunakula barazani kwa Amri, ambaye ndiye anayetusalisha na ndiye mwenye baraza pana. Kila mke huleta alichopika, tunazunguka sinia, mikono yote humo. Saturnini haswali, lakini sala ikimalizika unamkuta ameshanawa.

Leo nimefika, nimekunja mikono ya kanzu, nikaona pembeni kuna sahani ya maua, nzuri, ya mgeni, imejaa wali na kipande cha kuku, paja.

Amri akasema, "Mzee Swalehe, leo tumekutengea. Wewe ni mkubwa wetu, usisongamane na sisi."

"Mwaka jana sikuwa mkubwa?"

"Umri unakwenda, mzee."

Nikasema, "Basi niletewe na mto niegemee, na mtu wa kunipepea." Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama sinia. Nilimtazama Saturnini anitukane, maana mahali pa tusi palikuwa wazi kabisa. Akatafuna.

Nimekula lile paja lote. Nimekula polepole ili wamalize kabla yangu, nisiinuke peke yangu.

9 Februari

Inauma.

11 Februari

Inauma. Mvua kubwa, mto umejaa.

22 Februari, Ijumaa

Leo asubuhi nimejidunga na sikusikia.

Nilidunga tena. Nikadunga pembeni, nikadunga ile sehemu ya zambarau, nikadunga goti. Nasikia kitu kinagusa, lakini maumivu hakuna. Nikakaa chini palepale nyuma ya choo, mvua inaninyeshea, nikawa najidunga kama mwanamke anayeshona mkeka. Mkono hakuna. Shavu hakuna. Nikasema ndani ya moyo, basi, umeenea mwili mzima, nimekufa nikiwa nimekaa. Nikaanza kufikiria nani atapiga kelele akiniwekea chakula kisikini. Nikataka awe mtu mwenye sauti nzuri.

Swaumu akanikuta. Sikumsikia akija kwa ajili ya mvua.

"Unafanya nini?"

Nikamwonyesha mwiba. Akauchukua, akauangalia, akaugusa kwa kidole. Kisha akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye ukingo wa kanga, akanichoma nayo tako.

Nilipiga ukelele majirani wakauliza kuna nini.

"Mwiba wako umekatika ncha, mzee," akasema. "Unajichoma kwa kijiti."

Tulicheka kwa muda mrefu kwenye matope. Halafu ikawa siyo kicheko tena kwa upande wangu, naye akaona, akatazama pembeni mpaka nikamaliza.

Jioni akaniuliza nimeanza lini kujidunga, nikamwambia.

"Mimi nimeanza kabla yako," akasema. "Ukilala nasikiliza mbu. Anatua juu yako, nangoja. Ukimpiga, nami nalala."

Tumeishi pamoja tangu Mjerumani na sikujua mwanamke huyu hulala baada ya mbu.

1 Machi

Nilikuwa njiani natoka kisimani. Saturnini anakuja mbele yangu na msumeno begani. Nikatayarisha tusi la Kingoni, nilikuwa nalo jipya. Alipofika karibu akavua kofia. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Swalehe."

Sijui kama msomaji ataelewa. Mtu huyu kwenye harusi ya binti yangu aliniita kunguru aliyeiba kanzu. Nilipomzika mama, alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Katika maisha yake yote hajaniamkia kwa adabu. Mtani haamkii kwa adabu mtu aliye hai.

Ndoo iliniyumba mkononi. Nikasema, "Marahaba." Nini kingine ungesema? Akapita. Nikageuka kumtazama, nikaona anakwenda haraka, mgongo umejikunja, kama mtu aliyetoroka.

Swaumu nimemwambia maji yamemwagika kwa utelezi.

2 Machi

Inauma. Na hiyo nayo sasa haitoshi.

5 Machi

Sasa nimejua.

Mto umepungua, nikavuka kwenda kutazama lile shamba la mbali la Amri. Kuna nguzo mpya zimesimama. Wanajenga dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia nguruwe. Lakini dungu la nguruwe hujengwa kwa miti ya msituni na kamba za magome, kwa siku moja. Hili lina mbao. Nimezishika. Msumeno wa Saturnini una jino moja bovu, huacha mkwaruzo kama kucha ya jogoo kila baada ya kipande. Mikwaruzo ipo yote.

Mtani wangu ananipasulia mbao za kukaa peke yangu. Ndiyo maana ya shikamoo. Alikuwa anaaga.

Nilikaa pale nikiangalia kama kuna kisiki karibu. Kipo.

6 Machi

Nimemweleza Swaumu yote. Nikamwambia nikienda hospitali ya Nachingwea, Wazungu wakiona pua wataniweka kwenye lori moja kwa moja mpaka kambi ya wenye maradhi, na huko watu hawarudi. Hapa angalau dungu ni karibu, atanisikia nikiimba.

"Unaimba vibaya," akasema. "Tunakwenda Nachingwea."

12 Machi

Nachingwea. Tumefika kwa lori la mbao, tumesukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Mji huu ulikuwa na mitambo inanguruma usiku na mchana, leo mitambo imepangwa mistari, nyasi zinaotea ndani ya matairi. Nikawaza, hata chuma kinaachwa.

Hospitalini nilifunga kilemba mpaka machoni. Daktari ni Mzungu mrefu mwenye mikono baridi. Anasema Kiswahili cha kuamuru, "lala, kaa, fungua," lakini ana adabu. Nilipofungua kilemba nilimwangalia yeye, nikasubiri arudi nyuma. Hakurudi nyuma. Akasogea karibu mpaka nikaona vinyweleo vya pua yake mwenyewe.

Akanifumba macho, akanipitishia pamba usoni, mikononi, miguuni, niseme inagusa wapi. Nikajibu yote. Akapapasa mishipa ya viwiko na shingo. Akanichana ncha ya sikio kidogo, akapaka damu kwenye kipande cha kioo. Akatia taa puani, akatazama kwa muda mrefu, akaguna. Halafu akaona goti. Hapo uso wake ukabadilika, akaita mwenzake, wakazungumza kwao. Ninaogopa sana watu wakizungumza kwao.

Nikasema, "Bwana mkubwa, kama ni lile, niambie nimwambie mke wangu aondoke na lori la leo."

Akasema, "Sijui bado. Lakini mwenye lile asingesikia pamba yangu."

Kisha akakata. Kipande kimoja cha ndani ya pua, kingine cha kovu. Aliniganzisha lakini nilisikia mkasi unavyotafuna. Vipande akavitia kwenye chupa ndogo. Vitakwenda Dar es Salaam, mtu mwingine avitazame kwa chombo cha kukuzia. Mimi sijafika Dar es Salaam maishani mwangu, pua yangu imenitangulia.

Wakanipiga na picha ya kifua.

Akaniambia nirudi kwetu, nije mwezi ujao. Niwe naosha pua kwa maji vuguvugu yenye chumvi.

15 Machi

Tumerudi. Nikipita, watoto wanaitwa ndani.

20 Machi

Inauma. Naosha pua. Maji ya chumvi yanatoka mekundu.

21 Machi

Sikwenda barazani. Sahani ya maua ikaletwa mlangoni, imefunikwa kawa. Aliyeileta aliiweka chini, akapiga hodi akiwa ameshafika njiani.

Hivyo ndivyo inavyoanza. Leo kizingiti, kesho kisiki.

30 Machi

Inauma. Ufuta umeota vizuri.

3 Aprili

Saturnini kapita mbali, amevua kofia huko huko mbali.

9 Aprili

Nimeota nipo kwenye dungu na simba yule yuko chini. Nilimwomba akae.

18 Aprili

Nachingwea tena. Naandika nimeegemea ukuta wa hospitali, Swaumu kanunua maandazi.

Si lile. Daktari alianza na hilo, Mungu ambariki, hakunizungusha. Damu ya sikio safi. Vipande vilivyokwenda Dar es Salaam vimejibu. Huu ni ugonjwa mwingine, unaitwa sarkoidi. Nimemfanya alitamke mpaka nimelishika. Mwili wenyewe unajijengea vinundu vidogo vidogo ndani ya nyama, na hupenda pua, hupenda makovu ya zamani. Hauambukizi. Nikamwambia aseme tena. Hauambukizi, kwa sahani wala kwa mkono.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza.

"Hatujui."

"Ulaya hamjui?"

"Ulaya hatujui."

"Dawa?"

Akasema huko Ulaya wanajaribu dawa mpya, hapa haijafika, na hata huko hawana hakika. Kwa sasa chumvi, na mafuta ya kulainisha. Unaweza kuondoka wenyewe kama ulivyokuja. Unaweza usiondoke. Harufu huenda isirudi. Kisha akainua picha ya kifua kwenye dirisha, akanionyesha mawingu mawili kando ya moyo. Umo na humo. Nikikosa pumzi nije. Jicho likiwa jekundu au likiona ukungu, nije siku hiyo hiyo nisingoje, maana hula na macho.

Swaumu aliposikia "si lile" alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali kama mzigo ulioteremshwa. Yale mengine hakuyasikia. Nami sikuyarudia.

20 Aprili

Amri alikuja, akasimama uani. Nikamweleza. Akasema alhamdulillahi, na naamini aliisema kwa moyo. Kisha akauliza jina lake. Nikalitamka.

"Hilo sijawahi kulisikia."

"Hata mimi."

"Lile kubwa angalau tunalijua," akasema, akatazama miguu yake. "Hili lako, mzee, hata Mzungu halijui. Watu watauliza."

Si mtu mbaya Amri. Nilitaka awe mbaya, ingekuwa rahisi.

25 Aprili

Sahani ya maua.

2 Mei

Nimeacha mwiba. Sasa kila asubuhi nafumba jicho moja, natazama ng'ambo ya mto, kisha nafumba la pili. Nguzo za dungu bado zinaonekana kwa yote mawili. Limekwisha ezekwa.

10 Mei

Naona vizuri. Pumzi, nilipanda kilima cha kisimani nikapumzika mara mbili. Zamani sikupumzika. Au nilipumzika na sikujali.

17 Mei

Leo nilivuka mto makusudi, nikapanda ngazi, nikaingia. Nikasema heri nilijue kabla halijanijua.

Mbao zimepangwa vizuri, upepo haupiti. Kuna jiko la mawe. Kuna vitanda viwili vya kamba, kimoja kila upande, na katikati pa kuweka taa.

Viwili.

Nilikaa kwenye kimoja nikatazama kingine. Swaumu? Wasingemruhusu, na hakuna aliyemuuliza, angeniambia. Nimerudi sijaelewa.

23 Mei, Ijumaa

Leo vunja jungu. Mwezi ukionekana tunafunga, basi leo kila nyumba ilipika kama kesho hakuna. Swaumu akanitolea kanzu. "Utakwenda," akasema, "au nikuchome tena."

Nilikwenda. Baraza imejaa. Sahani ya maua pembeni, peke yake, kama bibi harusi aliyekataliwa. Nikaketi nayo. Amri akasoma bismillahi. Nikafinyanga tonge, nikachovya mchuzi, nikalipandisha mdomoni, na mkono ukadakwa njiani.

Saturnini. Alikuwa amevuka watu wote, kofia kichwani. Akanishika kifundo cha mkono, akainama, akala lile tonge kutoka vidoleni mwangu. Akalamba na vidole. Watu waliacha kutafuna.

"Chumvi haitoshi," akasema. "Na pua yako imeiva kama zambarau la msimu, nilidhani ndilo tunalopewa baada ya chakula."

Akaketi kando ya sahani yangu kwa matako yake mapana, akaanza kula na mimi.

Amri akasema, taratibu, "Saturnini, wewe ulitumwa."

"Nilitumwa," akasema huku mdomo umejaa. "Mlinituma nimwambie ahamie ng'ambo, kwa kuwa mimi ni mtani na maneno yangu hayachukizi. Nikapasua mbao, nikaenda kumwambia. Nilikuwa na mzaha mzuri kabisa, nimeutengeneza njia nzima. Nikamkuta na ndoo yake. Mzaha ukagoma. Badala yake ikatoka shikamoo." Akanigeukia. "Tangu siku ile naona aibu hata kupita kwako. Shikamoo, kwa Mmwera."

Nikauliza, "Na vitanda viwili?"

"Kingine changu. Ulidhani nani angekuamsha kule, nguruwe? Nguruwe ana heshima, hatukani."

Alisema hivyo akichagua mfupa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Nilikuwa naogopa, Swalehe. Bado naogopa kidogo. Lakini wali ni mtamu."

Amri aliinuka, akabeba bakuli lake la mchuzi, akaja mpaka kwetu. Akasimama. Akachuchumaa. Mkono wake ulikaa juu ya sahani kitambo bila kushuka, nikageuza macho nimpe nafasi. Uliposhuka, ulichota upande wake wa mbali kabisa, kipande kidogo. Akala. Wengine hawakuja. Mmoja alisogeza jamvi kidogo kwetu, halafu akaona aibu, akajifanya anakunja mguu.

Mikono mitatu sahani moja. Nitahesabu hiyo kuwa sinia.

24 Mei

Naona vizuri kwa yote mawili. Pua ni ile ile. Mawingu ya kifuani siwezi kuyaona, nayo ndiyo ninayoyafikiria zaidi, yanafanya nini humo usiku nikilala. Nilimwambia Swaumu sasa alale mapema, yale ya mbu yamekwisha. Akasema sawa. Kisha nikamsikia anasikiliza pumzi.

25 Mei

Wamesema mwezi umeonekana. Nimeamka kwa daku nikaona nina la kuandika kabla ya alfajiri.

Saturnini, wewe huwezi kusoma, kwa hiyo haya nitakuambia kwa mdomo ukija, lakini nayaandika usije ukasema sikukudai. Kikopo changu chenye picha ya tembo unacho tangu mvua ya kwanza, na ugoro wangu umeula wewe masika yote. Kikopo kaa nacho. Ila wewe si wa kufunga, na mimi nina dai. Leo jioni, Swaumu atakapokuwa jikoni anangoja kusonga ugali, simama pale njiani ninapotokea, vuta ugoro wangu, unipigie chafya moja. Iwe kubwa, ifike mpaka kisimani.